Kicheko na Deni Lake

Kicheko ni tunu ya binadamu. Fisi husingiziwa tu. Lakini tunu hii ina deni, na wengi wetu hucheka bila kulipa. Deni hilo ndilo ninalokuja kukudai, msomaji.

Illasit ni mji mdogo wa Kajiado, ulio mpakani, chini ya mlima Kilimanjaro. Ng'ambo ya mpaka ni Tarakea, na vichekesho huuvuka mpaka huo pasipo kuulizwa hati. Mmasai, Mchaga na Mkamba huweza kukaa mbele ya kioo kimoja wakamtazama Joti wa Tanzania katika gauni la bibi kizee, au Flaqo wa Kenya aliyejigeuza Mama Otis, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Sioni ubaya. Katika zama za Shakespeare huko Uingereza wanawake hawakupanda jukwaani. Juliet alichezwa na mvulana, wala jua halikukataa kuchomoza.

Basi gomvi langu liko wapi? Liko hapa: mwanamume katika gauni huruhusiwa kwetu maadamu ni wa kuchekwa. Mtu akisema kwamba miongoni mwetu wamo watu wa namna hiyo kwa kweli, wenye mama, wenye nyumba, wenye kupenda na kupendwa, kicheko hukatika na mlango hufungwa.

Zitazame filamu mbili. Ya kwanza ni La Cage aux Folles ya Ufaransa, ya mwaka 1978, iliyotokana na mchezo wa Jean Poiret wa 1973. Wamarekani waliiigiza upya mwaka 1996 kwa jina la The Birdcage, chini ya Mike Nichols. Katika hiyo ya Marekani, wanaume wawili wameishi pamoja miaka mingi na kumlea kijana mmoja. Kijana anataka kuoa binti wa seneta, mtetezi mkali wa maadili. Ili posa isivunjike, anaomba picha zishushwe ukutani, samani zibadilishwe, na yule aliyemlea kama mama aondoke nyumbani kwa usiku mmoja. Mlezi haondoki, anawajia wageni katika nguo za kike na kujitambulisha kuwa ndiye mama. Yanayofuata ni vurugu tupu. Mwishowe seneta, akiwakimbia waandishi wa habari, analazimika kuvaa wigi na gauni ili atoke salama. Alichokilaani ndicho kilichomwokoa.

Ya pili ni yetu. Ni Rafiki, ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Wasichana wawili wa Nairobi wanapendana, na baba zao ni wapinzani katika uchaguzi. Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Septemba 2018 Mahakama Kuu ililegeza marufuku kwa siku saba tu, na watu wakaijaza sinema.

Msomaji, linganisha. Huku wanasiasa na watoto wao, kule mwanasiasa na mtoto wake. Huku siri ya nyumba, kule siri ya nyumba. Ila Rafiki haikumfanya mtu kinyago. Mwongozaji alieleza kwamba alitakiwa aubadili mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Yaani mashujaa wake wangelia zaidi, kosa lingepungua!

Mababu zetu walilijua deni la kicheko kuliko sisi. Mchaga na Mpare ni watani. Mtani huweza kukuita bahili au mwizi mbele ya wakwe zako, nawe usikasirike. Kwa nini usikasirike? Kwa kuwa msiba ukikufika, mtani ndiye wa kuja na kuwapa wafiwa moyo. Amenunua haki ya kukucheka kwa wajibu wa kukufaa. Anayecheka pasipo wajibu huo hana utani, ana dhihaka.

Utaniambia kwamba sheria inakataza. Ni kweli. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ni urithi wa Waingereza, na Mahakama Kuu ilikiacha kisimame Mei 2019. Lakini sheria haikumwamuru mtu yeyote kucheka. Utaniambia tena kwamba ni mzaha mtupu, haumdhuru mtu. Muulize aliyeketi karibu nawe akicheka kwa hofu, asije akaulizwa kwa nini hacheki.

Vibanda vya video vya Afrika ya Mashariki vimezoea sauti ya mtu anayeifasiri filamu ya kigeni na kuitia chumvi kwa Kiswahili, kazi iliyompa sifa Lufufu huko Tanzania na DJ Afro hapa Kenya. Ningependa siku moja fundi wa namna hiyo aifasiri karamu ya seneta mbele ya watu wa Illasit. Nitakaa benchi la nyuma nisiangalie kioo, bali nisikilize: watacheka wapi, na watanyamaza au la, kijana anapomwomba aliyemlea aondoke nyumbani kwa sababu wageni wanakuja.