Bomu la mpakani humlinda nani?

Juni 2025 Bunge la Finland lilipiga kura. Wabunge 157 walitaka nchi yao ijitoe katika Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. 18 tu walikataa. Mabunge ya Estonia, Latvia na Lithuania yalikuwa yameshaamua vivyo hivyo, na la Poland likafuata siku chache baadaye. Kufikia katikati ya Januari 2026 Finland na nchi tatu za Baltiki zilikuwa nje rasmi. Hofu yao naielewa. Uamuzi wao ni kosa, na kushangiliwa kwake kana kwamba ni ushujaa ndiko kunakonikera.

Wana hoja zao. Finland ina watu wasiofika milioni sita, na mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, ambayo enzi za Usovieti iliivamia mwaka 1939 na kuimegea ardhi. Urusi haimo kwenye mkataba huo, na imetapakaza mabomu ya aina hiyo Ukraine. Kwa nini mnyonge ajifunge kamba na mbabe awe huru? Tena, wanasema, mabomu yatakaa ghalani hadi vita inukie, na yakitegwa yatachorewa ramani. Haya, tumesikia.

Ila kamba yenyewe si ndefu kama wanavyoieleza. Mkataba unakataza bomu linalolipuliwa na mtu anayelikanyaga au kuligusa. La kuzuia vifaru linaruhusiwa. Linalolipuliwa na askari anayemwona adui yake linaruhusiwa pia. Finland ina mizinga, ina jeshi la akiba linaloiwezesha kupeleka vitani askari 280,000, ina mahandaki ya raia chini ya miji yake, na tangu Aprili 2023 imo ndani ya NATO. Norway nayo inapakana na Urusi. Imebaki kwenye mkataba.

Hesabu za vita tuwaachie majenerali. Swali langu ni hili: bomu la mpakani hutegwa kwenye ardhi ya nani? Ya mwenye kujilinda. Adui akija anakuta shamba la mabomu, akirudi kwao analiacha hapohapo, na atakayelima, kuchunga na kuokota kuni pale ni raia wa nchi iliyotega.

Afrika tumeshalifanya jaribio hilo. Miaka ya 1970 serikali ya Ian Smith ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilitega mabomu kwenye mpaka wake na Msumbiji na Zambia ili wapiganaji wa ukombozi wa ZANLA na ZIPRA wasipenye. Simfananishi Smith na watawala wa Helsinki. Yule alikuwa mlowezi akitetea utawala wa wachache. Ninalotazama ni kazi ya bomu. Wapiganaji waliumia, wakajifunza njia, wakapita. Mwaka 1980 Zimbabwe ikawa huru. Smith aliendelea kuishi nchini na shamba lake likabaki mikononi mwake. Mabomu yake yalibaki kwa wanavijiji wa mpakani. Seng'enge zikaanguka, ng'ombe wakaingia, wachungaji wakawafuata, na watoto waliozaliwa baada ya uhuru wakakatwa miguu kwa sababu ya hofu ya serikali ambayo hawakuwahi kuiona. Mkataba uliipa Zimbabwe hadi mwaka 2009 kumaliza kusafisha. Imeongezewa muda mara kadhaa, na kazi bado ipo.

Na hizo ramani? Mafuriko ya Msumbiji ya mwaka 2000 yaliyahamisha mabomu kutoka yalikojulikana. Nchi hiyo ilimaliza vita mwaka 1992 ikatangazwa kuwa salama mwaka 2015. Ramani inafaa siku ile inapochorwa; mvua ya miaka 20 haiisomi.

Sehemu ya usafishaji huo wa Msumbiji ilifanywa na panya buku wa Morogoro, wanaofunzwa na shirika la APOPO kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya hufungwa mkanda mwilini, huunganishwa na kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, kisha hunusa ardhi mstari kwa mstari. Akipata harufu ya baruti hukwaruza chini, na tuzo yake ni ndizi au karanga. Hana uzito wa kulipua bomu. Kazi hufanywa alfajiri, na masikio hupakwa dawa ya kuzuia jua. Uwanja wa ukubwa wa ule wa tenisi humchukua kama nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuhitaji siku nne. Panya ana kasi kuliko mtu huyo, na bado ni mstari kwa mstari, nusu saa kwa nusu saa.

Finland inayajua haya vizuri, kwa kuwa imechangia fedha za kusafisha mabomu Angola na kwingineko. Afrika tulisihiwa tuharibu akiba zetu. Tanzania iliridhia mkataba mwaka 2000, Burundi na Kongo zikiwaka moto mlangoni mwetu, na mabomu yakaharibiwa. Kama hofu ya jirani ni sababu halali ya kuyarudisha, Burundi nayo irudishe? Kongo, yenye majeshi ya kigeni ndani ya mipaka yake? Au ipo hofu ya Ulaya yenye haki, na ya Afrika ya kusihiwa?

Mkataba wenyewe uliiona siku hii ikija. Kifungu cha 20 kinasema anayejitoa husubiri miezi sita, na akiwa vitani muda huo unapokwisha, kujitoa hakutambuliwi hadi vita iishe. Walioandika walijua kishawishi kitakuja wakati wa hofu. Finland iliwahi kutoka kabla ya moto kuwaka, na sasa kila serikali yenye jirani inayemwogopa, au inayedai kumwogopa, imeonyeshwa mlango.

Wanachama waliobaki bado wanakutana. Tanzania ni mmoja wao, na ina haki ya kuuliza kwa sauti kama Helsinki itaendelea kuilipia Angola gharama ya kuondoa mabomu yaleyale inayotaka kuyaweka kwake.