Mashine na Riziki ya Mchumaji

Wazee wa Mombasa wanaijua habari hii tangu zamani. Meli ikifunga gati Kilindini, makuli walijipanga safu wakateremsha magunia kwa mabega yao. Nguvu yao ilikuwa katika wingi wao: walipogoma Januari 1947 mji mzima ulisimama, na mwaka 1955 bandari ikasimama tena. Kisha, katika miaka ya 1970, yakaja makontena. Kreni moja ikanyanyua kwa dakika chache mzigo ambao genge zima lingeuhangaikia tangu asubuhi hata adhuhuri. Hakuna aliyepiga mbiu kwamba kazi ya kuli imekwisha. Ilipungua tu, hata wana wao wasiirithi.

Hayo yaliyopita pwani leo yako bara, katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Huko chai ilichumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi lake, na mchumaji akalipwa kwa kilo. Wengi wa wachumaji ni wanawake. Sasa zimeletwa mashine za kukata majani, nyingine za kubebwa na watu wawili, nyingine zajiendesha zenyewe. Mashine haipambanui jani changa na jani gumu kama kidole kipambanuavyo, na hilo wenye mashamba walijua. Lakini walitazama hesabu ya mishahara.

Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilitiwa moto huko Kericho, na katika fujo ile roho ya mtu ikapotea. Kuchoma mali ya mtu hatukusifu kamwe. Lakini hasira ile ilikuwa na asili yake, nayo yafaa ijulikane.

Kuli aliyekosa kazi Kilindini alikuwa bado yumo mjini. Angeweza kusukuma mkokoteni, kuuza samaki, au kulinda duka la mtu. Kazi duni, lakini chungu kiliinjikwa. Mchumaji wa shamba kubwa hukaa katika nyumba ya shamba, watoto wake husoma katika shule ya shamba, na akiugua huenda zahanati ya shamba. Siku aachishwapo kazi, nyumba nayo huondoka. Wengi walitoka wilaya za mbali, na shamba la jirani, ambalo zamani lingemwandika mara moja, nalo lanunua mashine. (Mkulima mdogo mwenye shamba lake nyumbani ni mbali na haya, yeye angali achuma kwa mkono, na mwenye ardhi ni yeye.)

Mwaka huo wa 2023 kamati iliyoundwa Kericho ilipendekeza makampuni yavune sehemu 60 katika mia kwa mashine, na 40 ziachiwe mikono. Mmoja wa wanakamati alisema kwamba kazi 30,000 zimepotea katika kaunti hiyo kwa muda wa miaka kumi. Kugawa hivyo ni afadhali kuliko kutogawa. Ila kwa wale ambao wamekwisha kutoka, mwenye shamba bado ana swali la kujibiwa: katika fedha iliyookolewa na mashine, ni kiasi gani kilichotengwa kumfunza mama aliyechuma miaka 20 kuiendesha mashine yenyewe, au kumwezesha kusimamisha nyumba kwao kabla hajatakiwa kurudisha ufunguo?