Nani Atakuwa Pilato?



Kila Kwaresima inapoelekea mwisho, katika parokia nyingi za Musoma, Bunda na Butiama vijana hukusanyika jioni kufanya mazoezi ya mchezo wa Mateso ya Bwana. Shuka hugeuzwa kanzu za Kirumi, fimbo hugeuzwa mikuki, na katekista au mwalimu wa shule hushika daftari lenye orodha ya wahusika. Hapo ndipo linapoulizwa swali linaloonekana dogo: nani atakuwa Yesu, nani atakuwa Pilato, nani atakuwa Yuda? Tunapenda kusema katika ukurasa huu kwamba swali hilo si dogo. Ni swali la haki.

Niungame kwanza. Miaka michache baada ya kupewa daraja, katika parokia niliyotumwa kusaidia, niliongoza mazoezi hayo mimi mwenyewe. Kijana mmoja Mjaluo alisimama kusoma maneno ya Pilato. Alisoma kwa sauti nzito na kwa vituo, kama mtu aliyewahi kukalia kiti cha hukumu. Lakini lugha ya mama yake haina sauti ya "sh" wala ya "z"; basi "shahidi" likatoka "sahidi", na "tazama" likawa "tasama". Wenzake wakaangua kicheko. Nami, badala ya kukinyamazisha kicheko, nilimnyamazisha kijana. Nafasi ya Pilato nikampa mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Yule wa kwanza nikamfanya askari, ashike mjeledi na asiseme neno. Wavulana wawili Wakurya nikawafanya askari pia, nikijiambia kwamba hao ndiyo kazi yao. Wasichana wote wakawa wanawake wa kulia njiani. Juma lililofuata yule kijana hakuja mazoezini, wala juma la pili yake.

Mama mmoja mzee wa jumuiya ndogo ndogo alinijia baada ya Misa. "Baba," akasema kwa upole, "si hata Petro walimtambua pale uani kwa namna alivyosema? Angekuja kwetu kuigiza, Baba ungempa nafasi gani?" Sikuwa na jibu.

Mama yule alikuwa ameisoma Injili vizuri kuliko padre wake. Petro alisemea Kigalilaya mjini Yerusalemu, na lafudhi yake ikamtia hatarini. Simoni aliyelazimishwa kuubeba msalaba alitoka Kirene, nchi ambayo leo ni Libya, katika bara letu hili la Afrika. Anwani iliyowekwa juu ya msalaba iliandikwa kwa lugha tatu ili wapita njia wote waisome. Hadithi ya Mateso imejaa watu wa asili nyingi na lafudhi nyingi. Sisi ndio tunaotaka isimuliwe kwa lafudhi moja.

Tuutazame mkoa wetu. Katika darasa moja la Musoma mjini au Bunda utamkuta Mjita, Mkwaya, Mzanaki, Mwikizu, Mkurya, Mjaluo, Mngoreme na Msukuma. Mkurya huweza kusema "kura" akiwa na maana ya kula, na Mjaluo atasema "samba" akiwa na maana ya shamba la mihogo. Karibu sote tulikipokea Kiswahili shuleni, kanisani au sokoni, baada ya lugha ya mama. Anayemcheka mwenzake leo atachekwa kesho atakapovuka kwenda Zanzibar.

Hatusemi kwamba mwalimu wa maigizo asifundishe matamshi. Hadhira ina haki ya kusikia na kuelewa. Mwalimu hana budi kumfundisha mwanafunzi kuvuta pumzi, kufikisha sauti hadi benchi la nyuma, na kutoyatafuna maneno. Lakini kumfundisha mtu asikike ni jambo moja, na kumwonea haya kwa asili yake ni jambo jingine. La kwanza ni malezi. La pili ni ubaguzi uliovikwa joho la usanii.

Wako watakaosema: huu ni mchezo tu, mbona mnaukuza? Tunajibu kwamba mchezo ni shule isiyo na daftari. Mtoto akimwona kila mwaka Mkurya akishika rungu, maskini akiwa mwizi na msichana akiwa mtumishi, atajifunza bila kufundishwa ni nani aliyeumbwa kwa ajili ya nini. Tazama vichekesho vyetu: mchawi ni nani? Daima ni bibi kizee. Nasi tunaishi Kanda ya Ziwa, ambako wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na ambako tangu mwaka 2007 tumeshuhudia mauaji ya kikatili ya ndugu zetu wenye ualbino. Igizo peke yake halimuui mtu. Lakini igizo linaweza kuwazoesha watu kucheka pale walipopaswa kulia.

Kanisa lenyewe limelijifunza somo hili kwa uchungu. Katika kijiji cha Oberammergau, nchini Ujerumani, mchezo wa Mateso umeigizwa tangu mwaka 1634. Kwa vizazi vingi Wayahudi walionyeshwa humo kama kundi moja la watu wakatili, na mwaka 1934 Hitler mwenyewe alikwenda kuutazama. Miaka michache baadaye dunia iliona chuki dhidi ya Wayahudi ilikofikia. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate, ulifundisha kwamba Mateso ya Kristo hayawezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya wale wa leo. Mchezo ule wa kijijini umefanyiwa marekebisho makubwa tangu hapo. Tena hadi mwaka 1990 wanawake walioolewa, na wale waliozidi umri wa miaka 35, hawakuruhusiwa kuigiza. Mlango ulifunguliwa mahakamani. Ikiwa wenzetu wenye mapokeo ya karne tatu na nusu walikubali kujisahihisha, sisi twashindwaje kurekebisha daftari moja la mazoezi?

Hatuhitaji hata kwenda mbali. Butiama ni nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Masomo aliyaanza mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge, Musoma. Mtoto huyo wa Kizanaki ndiye aliyekuja kuitafsiri michezo miwili ya Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, huku akibeba mzigo wa uongozi wa nchi. Laiti mwalimu wake wa kwanza angemwambia kwamba kinywa cha Mzanaki hakifai kwa maneno makubwa, tungepoteza kiasi gani?

Wako pia Watanzania waliotuonyesha njia katika ufundishaji. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kiliwalea wanafunzi kwa kuwafundisha ngoma za makabila mbalimbali, kila mmoja akiucheza mchezo wa mwenzake kwa heshima. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Humo wasichana hawakugawiwa sehemu za kukariri tu. Walitafuta wenyewe matatizo yanayowazuia kusoma, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wazazi. Msichana aliyezoea kuigiza kilio akapewa neno.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi walei, makatekista na walimu wa vikundi vya vijana wayazingatie haya. Kwanza, kila kijana asomeshwe sehemu zaidi ya moja kabla ya orodha kuandikwa, na kicheko cha dharau kikomeshwe siku ya kwanza. Pili, sehemu za heshima na sehemu za aibu zizunguke mwaka hadi mwaka, lisiwepo kabila, ukoo wala familia yenye sehemu yake ya kudumu. Tatu, kijana mwenye ulemavu asiwekwe pembeni kwa kisingizio cha kumhurumia, wala asiletwe jukwaani ili achekwe; aulizwe mwenyewe anataka nini na anahitaji msaada gani. Nne, anayekosa nauli au sare ya mchezo asaidiwe na jumuiya kimyakimya. Tano, ritungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo viingie katika mchezo mmoja, kwa kuwa watoto waliopiga muziki pamoja hawawi wepesi kushikiana mapanga wakiwa wakubwa. Sisi wa mkoa huu tuliosikia habari za mapigano ya koo huko Tarime tunajua maana ya maneno hayo.

Jambo hili ni la haraka zaidi leo. Zamani shule nyingi za bweni ziliwakutanisha vijana wa mikoa mbalimbali. Tangu mwaka 2004 shule za kata zimefungua elimu ya sekondari kwa wengi, nasi tunashukuru. Lakini vijijini mtoto huweza kusoma miaka yote na watoto wa majirani zake tu. Kikundi cha maigizo cha parokia chaweza kuwa mahali pa kwanza anapokutana na mtu wa lugha nyingine.

Yule kijana nilimfuata nyumbani kwao nikamwomba msamaha. Alinipokea kwa adabu na akasema yamekwisha. Lakini hakurudi kuigiza. Alikuwa ameanza kwenda ziwani na mjomba wake. Nafasi ile sikuweza kumrudishia.

Ndugu zangu, orodha ya mwaka ujao bado haijaandikwa. Tuiandike kwa haki.