Damu haitaizoea sukari

Mwezi wa Ramadhani uliopita nilifuturu nyumbani kwa shemeji yangu huko Mumias, Kaunti ya Kakamega. Wasomaji wa Pwani wasistaajabu kusikia mtu wa Mombasa ana wakwe Mumias. Misafara ya wafanyabiashara wetu ilifika Uwanga tangu karne ya 19, kabla Mwingereza hajaweka bendera yake huko, na Nabongo Shiundu na mwanawe Mumia waliipokea. Dini ikaingia kwa njia hiyo hiyo, misikiti ikajengwa, watu wakaoana. Ukikaa kwenye mkeka wa futari Mumias waweza kusahau kwamba bahari iko mbali: kaimati zipo, tambi zipo, uji upo, na chai ipo.

Ni hiyo chai iliyonikalisha kitako kuandika haya. Shemeji yangu ameambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa sukari, na vidonge anameza. Hata hivyo nilimwona akitia vijiko vinne katika kikombe kimoja. Alipoona namtazama alicheka, akasema: "Shemeji, usiogope. Sisi tumezaliwa katikati ya miwa. Damu yetu imekwisha izoea sukari, na kama mimi sijaizoea, wajukuu wangu wataizoea. Mbona Wamasai wanywa maziwa kutwa na hawaumwi tumbo? Si ni mazoea?"

Waliokuwapo wakacheka. Mimi sikuweza, kwa kuwa nilimkumbuka baba yake. Baba mkwe alikuwa mkulima wa miwa, mtu wa miraba minne. Sukari ilimshika akiwa na miaka 52. Kwanza alikatwa kidole cha mguu, kisha mguu hadi gotini, na miaka yake ya mwisho aliswali akiwa amekaa kitini. Alifariki macho yake yakiwa hayaoni vizuri. Na sasa mwanawe, kwenye baraza ile ile, anakoroga vijiko vinne.

Nimeona nimjibu shemeji gazetini, maana neno hili si lake peke yake. Nimelisikia Mji wa Kale kwenye kahawa na halua, nimelisikia harusini, na hata kwa vijana wasomi wasemao kwamba mwanadamu hubadilika kulingana na chakula chake, kwa hiyo tungoje tu, miili itajirekebisha.

Kwanza nimpe haki yake. Sizungumzii hapa habari ya kuumbwa kwa mwanadamu wa kwanza. Hiyo ina mahali pake na wanavyuoni wake. Nazungumzia mabadiliko madogo katika chembe za urithi, yale mzazi anayomrithisha mwana, ambayo wataalamu wameyaona na kuyapima. Katika hayo shemeji ana hoja. Watu wengi duniani wakishakuwa wakubwa hupoteza uwezo wa kusaga sukari iliyomo katika maziwa. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika makabila ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba wafugaji wengi wa huku kwetu wana mabadiliko yao wenyewe, mbali na yale ya Wazungu, yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Mwaka huo huo wataalamu wengine waliwalinganisha Wahadzabe wa Tanzania, ambao huchimba mizizi, na jirani zao Wadatoga, ambao ni wafugaji. Wahadzabe, kwa wastani, walionekana kuwa na nakala nyingi zaidi za chembe ya urithi inayotengeneza mate ya kusaga wanga.

Kwa hiyo ni kweli kwamba chakula chaweza kuigeuza damu ya watu. Lakini shemeji hakuuliza maswali mawili: kwa muda gani, na kwa bei gani?

Tuanze na muda. Mabadiliko yale ya maziwa yakadiriwa kuwa yalianza miaka kati ya 3,000 na 7,000 iliyopita. Hebu tuitazame sukari. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya, cha Miwani karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971 na ikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Yaani tangu moshi wa kiwanda uonekane Mumias ni umri wa mtu mmoja ambaye bado hajawa mzee. Shemeji asema wamezaliwa katikati ya miwa. Ni kweli, lakini babu yake alizaliwa katikati ya wimbi, mtama na kunde. Tena kutafuna muwa si sawa na kulamba sukari. Muwa una kazi ya meno, na taya huchoka kabla ya tumbo kushiba. Kiwandani huhitajiwa takriban tani 10 za miwa kupata tani moja ya sukari. Kwa hiyo kijiko ni muwa ulioondolewa kazi yote ukabakizwa utamu mtupu.

Na kama mazoea yangetosha, wa kwanza kuizoea wangekuwa Wahindi. Wao ndio walioanza kutengeneza sukari ya miwa tangu zama za kale, na hata neno letu sukari lina asili ya Kihindi cha kale, likapita Uajemi na Uarabuni ndipo likatufikia. Wamekaa nayo kwa zaidi ya miaka 2,000. Je, imewazoea? La hasha! Leo India ni mojawapo ya nchi zenye wagonjwa wengi kabisa wa sukari duniani.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa ndipo naomba msomaji atulie. Katika mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini akipima damu za watu. Aliona jambo la ajabu. Katika makabila yanayokaa karibu na Pwani na yale ya karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa na alama ya selimundu, ule ugonjwa unaopinda chembe za damu ziwe mfano wa mundu. Huko milimani hakumpata hata mmoja katika mia. Baadaye, mwaka 1954, alieleza sababu: mwenye kurithi alama hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, lakini anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe.

Basi sisi wa Pwani na wao wa kanda ya ziwa tuna ushahidi ndani ya mishipa yetu kwamba damu hujifunza. Lakini ilijifunza vipi? Kwa watoto kufa. Vizazi na vizazi mbu aliwachukua wasiokuwa na kinga kabla hawajazaa, wakabaki wenye kinga wakazaa. Na hata baada ya somo hilo, mpaka leo kuna mama Mumias na kuna mama Kilifi anayekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa. Maumbile ni kama ungo: hupepeta, na kupepeta maana yake ni kutupa. Anayesema wajukuu wake wataizoea sukari, anasema bila kujua kwamba yuko radhi baadhi yao watupwe.

Tena ungo huu hata hauioni sukari vizuri. Maumbile hutazama kama mtu amezaa na kulea; hayaulizi alikufaje baadaye. Ugonjwa huu aghalabu huja utu uzimani, ingawa siku hizi waonekana hata kwa vijana. Baba mkwe wangu ulimshika akiwa amekwisha pata watoto wanane. Kwa hesabu ya maumbile alifaulu kabisa, akawarithisha wote wanane damu ile ile aliyokuwa nayo. Mguu wake uliokatwa haukuandikwa popote. Kwa njia hiyo twaweza kungoja miaka elfu na tusione kinga yoyote, ila makaburi na magongo.

Je, hakuna basi kinachoweza kubadilika? Kipo, nacho ni desturi. Chai yenye sukari tunayoiona kuwa mila yetu ya tangu na tangu, huko Uwanga mababu hawakuijua. Iliingia katika umri wa mtu mmoja, nayo yaweza kupunguzwa katika umri wa mtu mmoja. Kinachotuzuia ni aibu. Kwetu, mgeni akipewa chai isiyokolea sukari huona amefanyiwa ubahili, na mwenyeji huona amejidhalilisha. Mwaka 2019 kiwanda cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni, sukari haikupungua kwenye sinia za wakwe zangu. Walinunua ya kwingine. Heshima ya mgeni ilipimwa kwa kijiko kile kile.

Heshima hiyo yafaa tuipime kwa kitu kingine. Mumias kuna ugali wa wimbi, kuna mrenda, kuna kunde. Kwetu kuna samaki, kuna mchicha, kuna mkate wa mofa ambao vijana wetu sasa wauona ni chakula cha wazee. Dini nayo haikutuacha gizani: Qurani imekataza israfu katika kula na kunywa, na Mtume (S.A.W.) alitufundisha tuligawe tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Hakutuachia fungu la nne la kaimati. Na mgonjwa wa sukari amwone daktari kabla ya Ramadhani kuingia, kwa kuwa sheria imempa ruhusa mgonjwa, na ruhusa si aibu.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu lenyewe ni sisi. Shemeji yangu, najua gazeti hili hukufikia. Nitakuja tena Mumias, Mungu akipenda, na nitaomba chai ya rangi isiyo na sukari hata chembe. Nikupe ruhusa mbele ya wasomaji wote: usione haya kuniletea hivyo, na ujimiminie nawe kikombe kama hicho. Wajukuu wako hawatarithi kinga ambayo huna. Lakini wakikuona unakunywa chai hiyo, desturi hiyo wanaweza kuirithi.