Ugonjwa Mmoja, Maabara Mbili na Faili ya Excel

Leo niwachokoze wakubwa kidogo. Kila nikisikia "ushirikiano kati ya maabara za umma na za kibinafsi", najua kutakuwa na hoteli, bango ukutani, chai na mandazi, halafu hati inatiwa sahihi mbele ya kamera. Kesho yake karani anarudi kunakili matokeo kwa kalamu. Jamani, ushirikiano wa maabara ni kazi ya data. Matokeo yasiposafiri yenyewe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, hayo mengine ni mapambo.

Tuanze na Uingereza, tusije tukaambiwa tatizo ni umaskini. Mwaka 2020 serikali yao ilitegemea maabara za kibiashara kupima korona. Maabara zilituma matokeo katika faili za CSV kwa idara ya afya ya umma, Public Health England. Huko faili zikamiminwa ndani ya Excel ya zamani, ile ya XLS, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Tokeo la mtu mmoja lilichukua mistari kadhaa, kwa hivyo faili ilijaa baada ya wagonjwa 1,400 hivi. Waliozidi wakadondoka kimyakimya. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, watu 15,841 waliopatikana na virusi hawakuingia kwenye hesabu ya kila siku. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliopaswa kuwatafuta watu waliokaribiana nao walichelewa kupata majina.

Watu wengi waliicheka Excel. Mimi siicheki, mipaka yake imeandikwa wazi. Kilichokosekana ni mtu wa kusimamia mpakani: huyu alituma akanawa mikono, yule akapokea bila kulinganisha idadi iliyotumwa na iliyoingia. Aliyewahi kuunganisha mifumo miwili anajua kwamba mpokeaji lazima ajibu, "Nimepata 3,000, wewe ulituma ngapi?" Ni kodi ya alasiri moja!

Na ikifanywa vizuri, inalipa. Mwaka 1998, mwaka ule ule Google ilipozaliwa, visiwani Hawaii maabara tatu za kitabibu zilituma ripoti za magonjwa matano kwa njia ya elektroniki, huku njia ya kawaida ikiendelea kando. Utafiti uliochapishwa 1999 ulionyesha ripoti ziliongezeka mara 2.3, na zilifika siku 3.8 mapema kwa wastani. Sasa piga hesabu ya kipindupindu katika mtaa wa Nairobi. Mtu aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya saa chache hadi siku tano. Ukichelewa siku nne, jirani yake ameshaanza kuhara.

Hapa Kenya hatukosi pa kupokelea. DHIS2 imetumika nchi nzima tangu 2011. Lakini jumla iliyochapwa na karani si tokeo la mgonjwa lililotoka moja kwa moja kwenye mashine. Tena kuna fujo ya majina: kipimo kile kile cha malaria huku ni "BS", kule ni "MPS", kwingine "BS for MPS". Binadamu anaelewa, programu haielewi. Dawa yake ipo tangu 1994, inaitwa LOINC, na ni ya bure. Kipimo kimoja cha PCR cha korona, kwa mfano, ni 94500-6, uwe Kisumu au Chicago.

Nitaambiwa, "Siri ya mgonjwa!" Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaruhusu data kutumika pale sheria nyingine inapolazimisha, na kuripoti magonjwa ya kuambukiza ni wajibu wa kisheria. Daftari lililoachwa wazi kaunta ndilo linanitisha mimi.

Lakini serikali nayo isiwe ya kupokea tu. Maabara ya kibinafsi ikituma matokeo ya vijidudu, irudishiwe kitu cha maana: ni dawa gani zinashindwa kuua E. coli katika kaunti yake, na wapi pa kupeleka sampuli ngumu. WHONET, programu ya bure ya kuchambua usugu wa vijidudu, ipo tangu 1989. Bila hivyo mwenye maabara ataona ni wakaguzi wengine tu wamekuja, na atakuwa sahihi.

Wengine wa kulaumiwa ni wenzetu wanaouza mifumo ya maabara iliyofungwa, ukitaka kutoa data yako mwenyewe unalipia tena. Kaunti inayonunua mfumo iandike kwenye tenda: misimbo ya LOINC, mlango wazi wa FHIR, na kila usiku idadi iliyotumwa ilinganishwe na iliyopokelewa. Muuzaji akisema hiyo ni huduma ya ziada, aonyeshwe mlango.