Hostomel: Uwanja wa ndege ulioinyima Urusi ushindi wa haraka

Vita vya Ukraine, vilivyoanza tarehe 24 Februari 2022, vilipangwa na Urusi kuwa vya siku chache tu. Vimekuwa vya miaka. Anayetaka kujua mpango uliharibikia wapi na aanzie Hostomel, uwanja wa ndege ulio kaskazini magharibi mwa Kyiv, mwendo mfupi kutoka mji mkuu huo.

Asubuhi ile helikopta za Urusi zipatazo 30 zilitokea upande wa Belarus zikiruka chini chini juu ya maji ili zisionekane kwenye rada. Ndani yake walikuwamo askari mia kadhaa wa VDV, jeshi la miavuli la Urusi, ingawa siku hiyo hawakuruka kwa miavuli bali walishushwa na helikopta. Kazi yao ilikuwa kuuteka uwanja na kuulinda hadi ndege kubwa za mizigo aina ya Il-76 zitue na askari zaidi pamoja na magari ya deraya. Kutoka hapo Kyiv ingevamiwa kabla serikali haijajipanga.

Nguvu ya askari wa angani ni kasi na kushtukiza. Udhaifu wao ni kwamba huja na silaha nyepesi: hawana vifaru, mizinga yao ni michache, na risasi zao ni zile walizokuja nazo. Kwa hiyo wakishatua tu, saa huanza kuwahesabia. Wao hufungua mlango, lakini wenzao wasipowahi kufika, mlango huo huwafungia wao wenyewe.

Historia imeyaonyesha haya mara nyingi. Mei 1941 Wajerumani walishuka kisiwani Krete na kuuawa kwa wingi. Walipoupata uwanja wa Maleme, ndege zikaleta askari zaidi na kisiwa kikawa chao. Hata hivyo hasara ilikuwa kubwa mno, na Hitler hakutaka tena shambulizi kubwa la miavuli. Septemba 1944 Waingereza nao walishuka Arnhem, Uholanzi, kuteka daraja la mto Rhine. Jeshi lililotakiwa kuwafikia kwa barabara lilichelewa. Kati ya askari wapatao 10,000, waliovushwa kurudi salama hawakufika robo.

Hostomel mambo yalikwenda vivyo hivyo. Waliokuwa wakiulinda uwanja ni askari wachache wa Walinzi wa Taifa wa Ukraine, lakini waliangusha helikopta kadhaa. Kisha Ukraine ikaupiga uwanja kwa mizinga na kurudisha mashambulizi siku ile ile. Ndege za Il-76 hazikutua. Msafara wa nchi kavu kutoka Belarus uliwasili kesho yake na uwanja ukatekwa, lakini njia ya kurukia ndege ilikuwa imeharibiwa na Kyiv ilikuwa imeshaamka. Mwishoni mwa Machi Warusi waliondoka eneo lote hilo. Waliopanga walidhani Ukraine haitapigana sana. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sisi huku Pwani hatukusalimika. Kenya hununua ngano yake nyingi kutoka nje, na Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wake wakubwa. Shehena hizo hushushwa hapa hapa bandarini Mombasa. Vita vilipoendelea, bei ya unga ikapanda, na kila mpika mahamri anajua ilimgharimu nini.

Kwa hiyo msomaji, siku ukisikia tena kwamba askari wameshushwa kwa ndege karibu na mji mkuu fulani, usiharakishe kuamini kwamba mji umeanguka. Uliza kwanza: nani anawafuata nyuma, anapita njia gani, na atafika lini? Kama hakuna jibu la kueleweka, jua vita hivyo vitakuwa virefu, na gharama yake haitabaki huko huko.