FUNDI ANAJIBU: Gia za Otomatiki ni Ndugu, Lakini Oili Zake Si Moja

Ndugu msomaji, mwezi huu tunajibu swali kutoka Mandewa, Singida. Ndugu yetu ana gari la abiria, Toyota Noah. Kaka yake ana Nissan X-Trail. Yote mawili ni otomatiki. Hayana klachi ya kukanyaga. Ndugu yetu anauliza:

"Mikono ya gia ya magari yetu ina herufi zile zile. Je, giaboksi zake ni sawa? Oili ya gia ikibaki katika gari langu, naweza kuitia katika gari la kaka?"

Swali hili ni zuri. Giaboksi ikifa, faida ya miezi mingi hupotea. Basi tusikilizane.

HERUFI NNE

Tazama mkono wa gia. Utasoma P, R, N, D. Herufi hizi zinatokana na maneno ya Kiingereza. P ni kuegesha. R ni kurudi nyuma. N ni gia huru: injini inanguruma, lakini haizungushi magurudumu. D ni kwenda mbele.

Zamani mpangilio haukuwa mmoja. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitengeneza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic. Ilianza kuuzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Gia yake ya kurudi nyuma ilikuwa mwisho kabisa, baada ya gia za kwenda mbele. Makampuni mengine yalipanga kwa namna nyingine. Dereva aliyezoea gari moja akipanda jingine, aliweza kutaka kwenda mbele, kumbe gari linarudi nyuma. Hiyo ni hatari kubwa.

Mwaka 1968 sheria ilianza kutumika Marekani. Ilisema N lazima iwe katikati ya gia ya kurudi nyuma na gia ya kwenda mbele. Leo utaona mpangilio huo hata katika magari ya Japani na Ulaya.

NDANI YA GIABOKSI

Ndani nako kuna undugu. Chukua feni mbili, uzitazamishe. Washa moja tu. Upepo wake utaizungusha ile ya pili, ingawa hazigusani. Otomatiki nyingi zina chombo kinachofanya hivyo kati ya injini na gia. Badala ya upepo, humo mna oili. Mjerumani Hermann Föttinger alibuni njia hii mwaka 1905.

Baada ya chombo hicho, otomatiki nyingi zina magurudumu ya meno. Yale madogo hulizunguka moja la katikati, kama vifaranga wanavyomzunguka mama yao.

Tena, makampuni mengi ya magari hayajitengenezei giaboksi zote. Kampuni ya Aisin ya Japani huitengenezea Toyota, na pia imeziuzia Volvo na Suzuki. Jatco ya Japani ilianzishwa mwaka 1970. Huitengenezea Nissan, na imeziuzia Suzuki na Mitsubishi. ZF ya Ujerumani huziuzia BMW na Land Rover. Kwa hiyo magari mawili ya majina tofauti yanaweza kuwa na giaboksi za kiwanda kimoja. Ni kama majembe mawili yenye mipini tofauti, lakini yamefuliwa na mhunzi mmoja.

OILI NDIYO INAYOTENGANISHA

Mtoto mchanga na baba yake hukaa nyumba moja, lakini hawali chakula kimoja. Giaboksi nazo ni hivyo.

Zipo za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ina hatua: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Aina ya pili haina hatua. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Aina hii huitwa CVT. Noah nyingi za zamani zina gia nne. Zile za muundo ulioanza mwaka 2007 zina mkanda. X-Trail nyingi za muundo ulioanza mwaka huo pia zina mkanda.

Ukitia oili ya gia za hatua katika giaboksi ya mkanda, mkanda utateleza na kukwaruzika. Giaboksi itakufa. Rangi isikudanganye. Oili nyingi za gia ni nyekundu, lakini si oili moja.

Kipimo ni kusoma. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Katika Toyota nyingi, jina la oili limeandikwa hapo, kwa mfano T-IV. Toyota nyingine hutumia WS, na nyingi kati ya hizo hazina kijiti. Nissan nyingi za mkanda hutumia NS-2. Soma pia kitabu cha gari. Kisha soma kopo la oili. Herufi zisipolingana, usimimine. Fundi akisema "zote ni sawa", mwonyeshe herufi.

SHERIA ZA MAGARI YOTE MAWILI

1. Usilisukume ili liwake. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi haina nguvu ya kushika.

2. Usiteremke mlima kwa N, wala usizime injini. Ukishuka mlima Sekenke kuelekea Nzega, tia 2 au L, ili injini isaidie breki. Breki zikipata moto sana, hazishiki. Umebeba watu.

3. Gari likiharibika, usilivute magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Giaboksi itazunguka bila kupata oili.

4. Simama kabisa kabla ya kutia R au P. Ukiegesha, vuta na breki ya mkono.

Basi ndugu yetu wa Mandewa, jibu ni hili. Magari yenu ni ndugu, lakini usimpe kaka oili yako kabla hamjasoma. Zamani tulimwachia fundi kila kitu. Leo unajua kusoma. Herufi mbili tatu juu ya kopo zinaweza kuokoa gari lako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini N iko kati ya R na D?
2. Kwa nini rangi ya oili haitoshi kuwa kipimo?
3. Dereva atumie gia gani akishuka Sekenke? Kwa nini?